Kumfuatilia mtoto mmoja katika majalada ya Shule ya Carlisle

Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania, ilikuwa kambi ya jeshi kabla ya kuwa shule ya bweni, na shule ilipofungwa ikarudi mikononi mwa jeshi. Kati ya 1879 na 1918 serikali ya Marekani ilipeleka huko maelfu ya watoto wa mataifa asilia wakanyolewe nywele, wapewe majina mapya na wakatazwe lugha za kwao. Mwanzilishi wake, Kapteni Richard Henry Pratt, aliyajaribu mawazo yake kwanza kwa wafungwa wa vita aliowalinda Fort Marion, Florida, kuanzia 1875 hadi 1878. Mwaka 1892, akihutubia mjini Denver, alisema waziwazi kwamba anachotaka ni kumuua Mhindi (ndivyo watu wa mataifa asilia walivyoitwa) aliye ndani ya mtu ili mtu mwenyewe aokoke.

Sera hiyo ilizaa karatasi nyingi mno, na sehemu kubwa ya karatasi hizo sasa inasomeka mtandaoni bila malipo. Kuzipata ni kazi ya dakika chache. Kuzisoma ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kadi ya mwanafunzi ilichapishwa ili ijibu maswali ya shule, na maswali ya mama wa mtoto hayakutengewa nafasi. Maelekezo haya ni ya mwalimu wa historia, mwanafunzi wa chuo au mtafsiri anayetaka kumtoa mtoto mmoja kwenye rundo hilo bila kurudia makosa ya karani.

Andaa kompyuta (simu itakuumiza macho kwenye mwandiko wa wino), jedwali tupu na ramani ya rizavu za Marekani, yaani maeneo yaliyotengewa mataifa asilia. Jalada la kwanza litengee siku nzima. Ukishazoea, saa mbili zinatosha.

Mahali pa kuanzia

Fungua tovuti ya kituo cha kidijiti cha Dickinson College, chuo kilichopo mjini Carlisle penyewe: carlisleindian.dickinson.edu. Nakala nyingi zilizomo zimepigwa kutoka Nyaraka za Taifa za Marekani mjini Washington, kundi namba 75, ambalo ni la Ofisi ya Mambo ya Wahindi. Ndani ya kundi hilo mfululizo namba 1327 ni majalada ya wanafunzi na namba 1329 ni kadi za taarifa. Namba hizi ziandike tangu mwanzo pamoja na namba ya boksi na ya folda, maana jina peke yake halitakurudisha kwenye karatasi ileile.

Hakikisha kwanza kwamba mtoto wako alikuwa Carlisle kweli. Ripoti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ya mwaka 2024 ilihesabu shule 417 za aina hii zilizoungwa mkono na serikali, na Carlisle inatajwa sana kwa sababu ya umaarufu wake tu. Majalada ya shule ya Haskell yako tawi la Nyaraka za Taifa la Kansas City, na ya shule ya Chilocco yako tawi la Fort Worth, Texas. Watu hupoteza wiki nzima wakitafuta Washington karatasi zilizopo Texas.

Jina

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Kundi la kwanza, watoto zaidi ya 80 wa Lakota kutoka rizavu za Rosebud na Pine Ridge, lilishuka kwenye treni usiku wa tarehe 6 Oktoba 1879. Mmoja wao alikuwa Ota Kte. Majina ya Kizungu yaliandikwa ubaoni, mtoto akapewa fimbo aonyeshe moja asiloweza hata kulisoma. Yeye aliangukia Luther. Jina la baba yake, lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza, likageuzwa kuwa jina la ukoo, na historia ikamjua kama Luther Standing Bear. Yaani jina moja la kwenye kadi limeshonwa kutokana na vipande viwili: cha kwanza ni bahati nasibu ya ubaoni, cha pili ni tafsiri ya jina la mtu mwingine.

Ukiyajua hayo, utaona kwa nini kutafuta kwa jina la kwanza hakufai kitu. Fanya hivi:

Anza na taifa pamoja na ofisi ya wakala (mtumishi wa serikali aliyesimamia rizavu), kisha mwaka wa kuingia, na jina liwe la mwisho. Taifa nalo limeandikwa kwa jina ambalo serikali ilipenda: Lakota wako chini ya "Sioux", Ojibwe chini ya "Chippewa", Diné chini ya "Navajo", Ho-Chunk chini ya "Winnebago", Tohono O'odham chini ya "Papago". Katika maandishi yako mwenyewe tumia jina ambalo taifa linajiita. Na lile "Wahindi Wekundu" lililozoeleka katika vitabu vyetu vya shule, liache kabisa.

Kisha tengeneza orodha ya majina yote yanayoweza kumhusu mtoto huyo: jina la kwao jinsi karani alivyolisikia, tafsiri yake, jina la baba katika sura zote mbili, na jina jipya la Kizungu. Jina la kwao tafuta kwa herufi tatu au nne za mwanzo tu. Makarani wawili waliosikia jina moja waliliandika kwa tahajia mbili, na karani mmoja akilisikia mara mbili angeweza kufanya hivyohivyo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti ya ukoo kwa sababu mmoja alipewa la baba na mwingine likatafsiriwa lake mwenyewe. Kwa wasichana ongeza jina la ndoa, kwa kuwa barua za baada ya shule huhifadhiwa katika jalada lilelile.

Usiunganishe kadi mbili kwa kufanana majina peke yake. Zinapaswa kukubaliana angalau katika mambo matatu: taifa, ofisi ya wakala, na ama jina la mzazi ama tarehe ya kuingia. Kosa la kinyume chake nalo ni la kawaida. Mtoto aliyerudi kwao kisha akaandikishwa tena ana kadi zaidi ya moja, naye huhesabiwa kama watu wawili. Idadi ya wanafunzi wote wa Carlisle utaikuta ikitajwa kuanzia 7,800 hadi zaidi ya 10,000. Kabla ya kunukuu yoyote, angalia kama mwandishi amehesabu watoto au amehesabu uandikishaji.

Kadi, safu kwa safu

Tarehe kwanza. Wamarekani hutanguliza mwezi: 10/6/79 ni tarehe 6 Oktoba 1879, wala si Juni. Kosa hili dogo humfanya mtoto aonekane ameingia shuleni kabla shule haijakuwepo. Katika jedwali lako andika mwezi kwa herufi. Ukikutana na "do" au vijialama viwili vya kurudia, maana yake ni "kama hapo juu", na hapo juu panaweza kuwa ukurasa uliopita.

Umri ni makisio. Usiukubali hadi uulinganishe na orodha za nyumbani, yaani orodha za watu wa rizavu zinazoelezwa hapo chini. Na usidhani kila aliyeandikishwa alikuwa mtoto: Jason Betzinez, Mwapache, alikuwa na miaka 27 hivi alipoingia mwaka 1887.

"Blood" ni kipimo cha damu: "Full" au 4/4, 1/2, 1/4. Nakili kilichoandikwa, kisha weka maelezo kwamba ni hukumu ya ofisi. Ugawaji wa ardhi uliofuata sheria ya mwaka 1887 uliyapa madaraja haya uzito ambao mtoto mwenyewe hakuufahamu.

Urefu uko kwa futi na inchi, uzito kwa ratili. Futi moja ni sentimita 30.5, ratili moja ni kilo 0.45. Mtoto wa futi 4 na inchi 6 mwenye ratili 70 ana sentimita 137 na kilo 32 kasoro kidogo. Pembeni yake kuna vipimo viwili vya kifua, pumzi ikivutwa na ikitolewa. Jalada likiwa na vipimo vya tarehe mbili, vipange pamoja. Mtoto anayekua halafu uzito unashuka ni dalili utakayoihitaji ukifika kwenye safu ya kuondoka.

Wazazi: hai au wamekufa. Hapo panaishia habari zao.

Safu ya muda inaonyesha miaka ya kukaa, mara nyingi 3 au 5. Pambanua kati ya muda uliokubaliwa na muda uliokaliwa. Kisha njoo kwenye miezi ya "Country" na ya "School", maana hapa hesabu inasema kuliko hotuba. Chukua mtoto wa miezi 60: 20 akiwa mashambani, 40 akiwa shuleni. Ile 40 nayo ilikuwa nusu siku darasani na nusu siku kazini, katika ushonaji, ufuaji, useremala, uhunzi. Gawa kwa mbili: mafunzo ya darasani ni miezi 20 katika 60. Weka safu ya hesabu hii kwenye jedwali lako, kwa sababu kadi haikufanyii.

Msomaji wa Kenya huenda akasikia mwangwi hapa. Nusu siku ya kazi ulikuwa pia mtindo wa shule ya Hampton, Virginia, iliyopokea wafungwa wa Fort Marion mwaka 1878, kabla Carlisle haijafunguliwa. Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufanya kazi Hampton, ndiye aliyeongoza tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata Jeanes School, chuo cha walimu, ikafunguliwa Kabete.

Ridhaa

Fomu za maombi zenye sahihi ya mzazi zimejaa zaidi katika majalada ya miaka ya baadaye, na sababu yake ni sheria. Mwaka 1891 Bunge lilimruhusu Kamishna wa Mambo ya Wahindi kuweka kanuni za kulazimisha mahudhurio. Mwaka 1893 ikaruhusiwa kuwanyima posho ya chakula wazazi waliokataa. Ni kuanzia 1894 hadi 1896 ndipo sheria zilipotaka ridhaa ya mzazi kabla mtoto hajapelekwa shule iliyo nje ya jimbo lake. Kwa hiyo jalada la 1885 lisilo na fomu halithibitishi kwamba mzazi alikubali wala kwamba alikataa, na jalada la 1905 lenye fomu halithibitishi kwamba alielewa.

Tazama alama ya X au ya kidole gumba, kisha tazama mashahidi. Wakiwa wote ni watumishi wa ofisi ya wakala, liandike jambo hilo. Kwa watoto wapatao 100 wa Apache wa Chiricahua waliochukuliwa kutoka Florida mwaka 1886 na 1887, safu ya ridhaa haina maana yoyote: wazazi walikuwa wafungwa wa jeshi lilelile lililowachukua watoto. Upande wa pili yuko Spotted Tail, kiongozi wa Sicangu Lakota, aliyefika Carlisle mwaka 1880, akaona mavazi ya kijeshi na gwaride, akaondoka na watoto wake. Ukikuta kundi la watoto wa ukoo mmoja wameondoka siku moja, tafuta mgeni aliyefika wiki hiyo.

Kupelekwa kwa Wazungu

Safu za "Outings" zinaonyesha tarehe za kwenda na kurudi pamoja na jina la mwajiri, anayeitwa "patron". Watoto walikaa na familia za wakulima, hasa katika Pennsylvania na New Jersey, wavulana shambani na wasichana jikoni. Kwa anayekijua kipande cha Kenya ya kikoloni (hati ya kazi ya Mwafrika), safu hizi hazihitaji mkalimani. Kabla ya kwenda, mwanafunzi aliahidi kumtii mwajiri, kwenda kanisani, kuacha tumbaku na pombe. Mwajiri alirudisha ripoti ya tabia, usafi na afya, na ujira uliandikwa katika hesabu za shule. Ikiwa jalada lina karatasi za fedha, jumlisha kilichochumwa, toa kilichotumika, uone kama salio linaonekana likilipwa siku ya kuondoka. Mtoto akibadilishiwa mwajiri katikati ya msimu, soma ripoti zote mbili kabla ya kuamini ile ya kwanza.

Sababu ya kuondoka

Kama una muda wa safu moja tu, utumie hapa.

"Time out" maana yake muda umekwisha. "Ran away" au "Deserted" ni kutoroka, na neno la pili limetoka jeshini moja kwa moja. "Dropped" ni kufutwa kwenye daftari, mara nyingi bila kusema aliyefutwa yuko wapi. "Died" inajieleza. Neno la hatari ni "Ill health", kwa sababu shule ilikuwa na desturi ya kuwarudisha kwao watoto waliokuwa wakiumwa sana, hasa kifua kikuu. Aliyefia njiani au nyumbani baada ya mwezi hayumo katika vifo vya Carlisle.

Kila unapokuta "Ill health", fungua orodha ya watu wa rizavu yake ya mwaka unaofuata. Kama hayupo, tazama miaka miwili zaidi. Bila hatua hii utaandika kwamba mtoto "alirejea nyumbani", na sentensi hiyo itasomeka vizuri kuliko ukweli.

Makaburi nayo hayatoshi kuwa ushahidi. Yapo 180 na ushee, yalihamishwa mwaka 1927, na baadhi ya mawe hayana jina ama yana majina yaliyokosewa. Jeshi lilipoanza kurudisha mabaki ya watoto kwa familia zao mwaka 2017, kaburi lenye jina la Little Plume, mtoto wa Northern Arapaho, lilikutwa na mifupa isiyo yake. Yeye alipatikana mwaka 2018. Ripoti ya 2024 ilithibitisha vifo visivyopungua 973 katika shule zote za mfumo huu. Soma neno "visivyopungua" kwa uzito wake.

Picha na magazeti

Picha za "kabla na baada" zilipigwa na John N. Choate, mpiga picha wa mjini, na Pratt alizituma kwa wafadhili na wanasiasa. Maarufu kuliko zote ni ya Tom Torlino, wa taifa la Diné, aliyeingia 1882. Katika ya pili ngozi yake inaonekana nyeupe zaidi. Kabla ya kusema chochote kuhusu picha kama hizi, linganisha mwanga, mandhari ya nyuma na pembe ya uso. Angalia kama blanketi, kiti au pambo lilelile linajitokeza kwa mtoto mwingine, maana studio ilikuwa na vifaa vyake. Andika tarehe za picha zote mbili, na kama moja haina tarehe usiiite "baada ya miezi kadhaa".

Gazeti la shule lilibadilika jina mara nyingi. *Indian Helper*, la kila wiki kati ya 1885 na 1900, liliuzwa senti 10 kwa mwaka mzima, bei ya kumfikia kila mfadhili. Tafuta humo jina la mtoto na la mwajiri wake. Utapata safari, magonjwa, vifo katika mistari miwili, na sifa kwa waliokaa siku kadhaa bila kutamka neno la kwao. Barua za wanafunzi zilizochapishwa zilichaguliwa na shule. Zitumie kujua shule ilitaka nini kisikike. Majibu ya dodoso ambalo msimamizi Moses Friedman aliwatumia waliokwisha kuondoka, miaka ya 1910 na 1911, yana sauti ya karibu zaidi, ingawa nayo yaliandikwa kwa mkuu wa shule.

Orodha za nyumbani

Kuanzia 1885 hadi 1940 mawakala walitakiwa kuandika watu wa rizavu kila mwaka. Orodha hizo ziko katika mikrofilamu M595, yenye mikanda 692, na zinapatikana mtandaoni. Kila mtu ana namba ya mwaka huu na mara nyingi ya mwaka uliopita. Fuata namba kabla ya jina, kwa sababu jina linaweza kubadilika na namba ikakuonyesha ni mtu yuleyule. Mawakala wengine walinakili orodha ya zamani wakiongeza mwaka mmoja kwenye kila umri, hivyo marehemu anaweza kuzeeka kwenye karatasi. Ukiona familia nzima imeongezeka mwaka mmoja bila kuzaliwa wala kufa mtu kwa miaka mitano, mshuku wakala. Kwa watoto walioondoka kati ya 1879 na 1884 orodha hizi hazitakuonyesha nyumba waliyotoka, bali walioachwa.

Kabla ya kuchapisha

Mataifa mengi yana ofisi yake ya uhifadhi wa historia. Waandikie kabla hujaweka mtandaoni picha ya mtoto au ya kaburi, uwatumie jedwali lako pamoja na namba za boksi na folda, na uwape muda wa kutosha wa kujibu. Mwaka 2021 Sicangu Lakota wa Rosebud walichukua mabaki ya watoto wao tisa, na watu wa ofisi kama hizo wameyasoma majalada haya kwa jicho ambalo mgeni hana: watakuambia jina lililoandikwa vibaya lilikuwa nani, na kama familia inataka litajwe.

Katika toleo la mwisho tanguliza jina la kwao, kisha la shule. Tahajia ya karani iweke kwenye alama za kunukuu. Seli ambayo kadi imeiacha wazi iache wazi, na pembeni yake andika umetafuta wapi na tarehe gani, ili atakayefuata aanzie hapo.